Mimba na homa ya mafua: maswali tunayoulizwa kila siku kliniki

Mwezi wa sita ukifika na Nairobi ikaanza kuvaa sweta, benchi la kliniki ya wajawazito hubadilika sauti. Hujafungua hata dirisha la kupokelea vitabu, umeshasikia vikohozi vitatu. Mimi ni mkunga upande wa Eastlands. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa, mengine mbele ya watu, mengine kwa kunong'onezwa mama anaposhuka kitandani baada ya kupimwa tumbo. Nimeyaacha jinsi yanavyoulizwa. Jibu likiwa refu, ni kwa sababu jambo lenyewe linadai maneno.

Sista, hiyo homa mnayotuonya ni hii hii ya kila siku?

Hapa kwetu neno "homa" limebebeshwa mzigo mkubwa. Mtu akipiga chafya mbili, ana homa. Makamasi yakimtoka, ana homa. Ndugu zetu wa Tanzania wakisema homa, wao wanamaanisha joto la mwili limepanda, hata kama ni la malaria. Ninayoizungumzia hapa ni homa ya mafua, ugonjwa unaoletwa na virusi vya influenza, hasa vya aina ya A na B.

Mafua ya kawaida huja kwa hodi. Leo koo linawasha, kesho pua inaziba, na bado unafungua kibanda chako. Influenza haibishi hodi. Mama mmoja aliniambia aliacha maji ya ugali yakichemka jikoni, akaenda kujinyoosha dakika tano, akaamshwa na jirani usiku. Wengi hukumbuka hata saa iliyowashika: joto kali, kutetemeka, kichwa, mgongo na viungo kuuma kama waliopigwa, kikohozi kikavu, na uchovu wa kukushinda kufunga kamba za viatu.

Jambo moja nisilisahau. Si kila joto la mwili ni mafua. Kama umetoka Kisumu, Busia au Pwani wiki chache zilizopita, pimwa malaria siku hiyo hiyo. Malaria kwa mjamzito haingoji.

Ni kweli mimba hushusha kinga ya mwili?

Swali hili ndilo lililonifanya niketi niandike. Jibu tunalopeana, hata sisi wauguzi, ni kwamba kinga hushuka ili mwili usimkatae mtoto. Nililisema miaka mingi kwa moyo safi. Si sahihi, na linawapotosha watu.

Wazo hilo lina chimbuko lake. Mwaka 1953, mwanasayansi wa Uingereza, Peter Medawar, aliuliza swali zuri sana: mtoto aliye tumboni amebeba urithi wa baba, na mwili wa mama ungeikataa figo ya mtu mwingine, sasa unamvumiliaje mtoto miezi tisa? Kutokana na swali hilo, watu wengi wakahitimisha kwamba kinga ya mama hulala. Lakini fikiria. Kinga ingelala miezi tisa, ni mjamzito gani angejikata kidole akikata sukuma wiki na kidonda kikapona? Vidonda vyao hupona. Mafua ya kawaida huwapata na kuwaacha.

Kinachotokea ni kwamba kinga hupangwa upya. Anza na pale mtoto alipo. Kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, miezi ya mwanzo, seli nyeupe za damu hujaa tele, na nyingi kati yake ni zile ziitwazo seli za NK. Kwingineko mwilini, kazi ya seli za NK ni kuua seli zilizoingiwa na virusi. Hapo kwenye mfuko wa uzazi hufanya kazi ya fundi: husaidia kupanua mishipa ya damu ya mama ili kondo la nyuma lipate damu ya kutosha. Kando yake ziko seli za kutuliza, ambazo huzizuia nyingine zisimvamie mtoto. Homoni za projesteroni na estrojeni, zinazopanda sana wakati wa mimba, ndizo zinazobadilisha jinsi seli hizi zote zinavyopelekeana habari. Mahali penye shughuli kiasi hicho hapawezi kuitwa mahali palipolala.

Sasa mlete influenza. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha kazi waliyoifanya kwa damu ya wanawake wajawazito na wasio wajawazito. Walizitoa seli za kinga, wakazikutanisha na virusi vya influenza maabara. Kama kinga ingekuwa imeshuka, seli za wajawazito zingejibu kwa unyonge. Zilijibu kwa nguvu zaidi. Seli za NK na seli za T (kundi jingine la seli za kinga) za wajawazito zilimwaga kemikali nyingi zaidi za kuchochea uvimbe kuliko za wenzao, na zilikuwa kali zaidi kwa virusi vya H1N1 vilivyoenea duniani mwaka 2009.

Lakini kuna upande wa pili. Watafiti wengine wameona kwamba interferoni, ile ishara ya mwanzo kabisa ambayo seli hutoa kuzitahadharisha jirani zake kwamba virusi vimeingia, hutoka pungufu kwa wajawazito. Yaweke mambo hayo mawili pamoja, kisha fikiria ploti yenye soja langoni. Soja amepiga filimbi kwa kuchelewa, mwizi ameshapanda ngazi. Wapangaji wanaamka wote kwa kishindo, wanavunja milango na vioo wakimsaka. Mwizi atakamatwa, lakini nyumba imebomoka. Katika homa ya mafua, nyumba hiyo ni mapafu yako.

Kwa hiyo mama akiniambia "sista, mimi kinga yangu iko chini", ninamrekebisha pole pole. Kinga yako iko macho. Imepewa kazi mbili kwa wakati mmoja, kumlinda mtoto na kukulinda wewe, na influenza ni ugonjwa unaouvuruga mpango huo.

Dada yangu na mimi tunalala chumba kimoja na tuliugua pamoja. Yeye alipona kwa siku nne, mimi nikalazwa. Kwa nini?

Sehemu ya jibu ni hiyo kinga niliyoieleza hapo juu. Sehemu nyingine ni nafasi.

Mfuko wa uzazi unapokua, husukuma juu kile kiwambo kilicho chini ya mapafu kwa kama sentimita 4. Hewa ya akiba, ile inayobaki mapafuni ukishapumua nje, hupungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Na wakati huo huo mwili unataka oksijeni zaidi, kiasi cha asilimia 20 juu ya kawaida, na moyo unasukuma damu zaidi kwa asilimia 30 hadi 50. Akiba ndogo, matumizi makubwa. Dada yako akipoteza kipande cha pafu kwa uvimbe, ana kingine cha kutegemea. Wewe ulikuwa tayari unatumia chote.

Tukumbuke pia mji tunaoishi uko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Mtu mzima hahisi tofauti akiwa na afya. Mwenye nimonia katika wiki ya 34 anaihisi.

Historia imeyaandika haya kwa uchungu. Gonjwa la influenza la mwaka 1918, ambalo kwetu liliingia kupitia bandari ya Mombasa, liliwaua wajawazito kwa namna iliyowatisha madaktari. Katika hesabu moja ya Marekani ya wajawazito 1,350 walioambukizwa, 27 katika kila 100 walikufa. Mwaka 1957, katika jimbo la Minnesota, nusu ya wanawake wa umri wa kuzaa waliouawa na gonjwa la mwaka huo walikuwa na mimba. Mwaka 2009, wajawazito wa Marekani walikuwa kama mtu 1 katika 100 ya watu wote, lakini katika vifo vya H1N1 walikuwa kama 5 katika 100. Miaka imepita, dawa zimeongezeka, na mjamzito bado yuko mstari wa mbele.

Hatari inaanza mwezi wa ngapi?

Mimba ikishaingia, uko kwenye kundi la kuangaliwa. Lakini hatari ya kulazwa huongezeka jinsi tumbo linavyokua, na miezi mitatu ya mwisho ndiyo mizito zaidi. Haiishi siku ya kujifungua: wiki 2 za baada ya uzazi bado unahesabiwa pamoja na wajawazito.

Virusi vitamfikia mtoto tumboni?

Kwa influenza ya kawaida ya kila msimu, ni nadra sana virusi kuvuka kondo la nyuma. Wengi wakisikia hivyo hushusha pumzi. Ninawaomba wanisikilize kidogo zaidi, kwa sababu mtoto anaweza kuumia bila virusi kumgusa.

Kwanza ni joto. Joto kali la mwili katika wiki za mwanzo, wakati uti wa mgongo wa mtoto unajifunga, limehusishwa na kasoro za uti huo. Ndiyo maana joto linafaa kushushwa, na ndiyo maana vile vidonge vya kuongeza damu mnavyopewa kliniki, vyenye madini ya chuma na foliki asidi, havifai kukaa kwenye droo. Pili ni oksijeni. Mtoto hupumua kwa damu yako, na damu yako ikikosa hewa, yeye hana dirisha lingine. Tatu ni uvimbe wenyewe. Mwaka 2020, watafiti wakiongozwa na wa Chuo Kikuu cha RMIT mjini Melbourne, Australia, waliwaambukiza panya wenye mimba. Kwa panya wasio na mimba, virusi vilibaki mapafuni. Kwa wenye mimba, vilifika kwenye mishipa mikubwa ya damu, mishipa ikavimba na kushindwa kutanuka ipasavyo, na vijusi vikaonyesha dalili za kukosa hewa ya kutosha. Panya si binadamu, na ninalisema hilo wazi. Lakini matokeo hayo yanatusaidia kuelewa kwa nini, kwa akina mama wanaougua vibaya, tunaona watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, wanaozaliwa na uzito mdogo, na wengine, Mungu atuepushe, wanaofia tumboni.

Nikianza kuumwa, ningoje siku ngapi kabla ya kwenda hospitali?

Usingoje. Nenda siku ya kwanza, ukiweza.

Nitaeleza yaliyonipata mimi. Mimba yangu ya pili, wiki ya 31, mwezi wa Julai. Homa ilinishika nikiwa zamu ya mchana. Nilikwenda kituo kimoja karibu na nyumbani, si nilipofanya kazi. Niliyemkuta aliniangalia usoni tu, akasema, "Ni homa tu mama, hata mimi ninayo." Hakuhesabu pumzi zangu. Hakunipima oksijeni. Nilipewa amoksilini nikarudi nyumbani, na mimi, mkunga mzima, nikakubali, kwa sababu mgonjwa hupenda kuambiwa hana kitu. Usiku wa pili sikuweza kulala chali wala ubavu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, viganja juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Mume wangu aliniuliza kama nataka maji na nikashindwa kumaliza neno "nataka". Nililazwa siku sita nikiwa na oksijeni puani. Mtoto alikaa salama, leo anaenda shule, lakini ule usiku sijausahau, na tangu hapo kila mama anayekuja na kikohozi ninamhesabia pumzi kwa dakika nzima, saa ikiwa mbele yangu.

Kwa hiyo jipime hivi. Sema sentensi ndefu kwa sauti: jina lako, mtaa unaokaa, na ulichokula jana. Ukilazimika kuikata katikati ili uvute pumzi, nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni saa nane za usiku. Vivyo hivyo ukiwa na maumivu kifuani, midomo au kucha zikibadilika rangi, ukichanganyikiwa, ukitapika hata maji, joto likikataa kushuka baada ya dawa, ukiona damu au majimaji, au mtoto akipunguza kucheza. Na kama ulianza kupona kisha joto na kikohozi vikarudi kwa kishindo, hiyo mara nyingi ni nimonia imeingia juu ya mafua. Kile kibanio cha kidole cha kupima oksijeni, kama jirani anacho, kikisoma chini ya 95 usikirudishe tu kabatini.

Ukifika, sema kabla ya yote, "Nina mimba ya wiki kadhaa na kupumua kunanisumbua." Usisubiri foleni kimya kwa sababu ya adabu.

Dawa gani ninaweza kununua kwa kemisti?

Parasetamoli, kwa joto na maumivu. Tembe mbili za miligramu 500 kila baada ya saa 6, zisizidi tembe 8 kwa siku. Angalia usiongeze dawa nyingine ya mafua ambayo ndani yake ina parasetamoli pia, maana nyingi zinayo.

Ibuprofeni na diklofenaki ziache, hasa kuanzia wiki ya 20, kwa sababu zinaweza kuumiza figo za mtoto na kupunguza maji anayoogelea. Vile vidonge vya dukani vya "kichwa na mwili" vinavyouzwa kimoja kimoja, vingi vina aspirini na kafeini. Soma karatasi, au muulize mwenye duka akusomee. Aspirini ndogo uliyopewa na daktari kwa ajili ya shinikizo la damu ni jambo jingine, hiyo usiiache bila kumuuliza.

Antibiotiki haziui virusi. Mtu akikuuzia nusu dozi ya amoksilini "kwa ajili ya kifua", amekuuzia faraja. Zina kazi yake nimonia ya bakteria ikiingia, na hiyo huamuliwa na anayekusikiliza kifua.

Dawa inayovikabili virusi vyenyewe ipo, inaitwa oseltamiviri. Hutolewa kwa cheti cha daktari, humezwa mara mbili kwa siku kwa siku 5, na inaruhusiwa katika mimba. Inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 za mwanzo. Hiyo ndiyo sababu nasema usingoje. Daktari hana haja ya kusubiri majibu ya maabara ili akuanzishie, na hata ukichelewa lakini umezidiwa, bado inapewa. Muulize kwa jina. Hakuna ubaya mgonjwa kuuliza.

Mama mkwe amenitayarishia mvuke, tangawizi na mwarobaini. Nitakataaje?

Usikatae vyote. Mpokee mama kwa heshima na uchague. Tangawizi, ndimu na asali kwenye maji moto ni sawa, zinatuliza koo na zinakufanya unywe maji mengi, na maji unayahitaji. Asali ni yako wewe, si ya mtoto mchanga: asiionje kabla ya kutimiza mwaka. Mvuke unaweza kufungua pua, lakini beseni la maji yanayotokota chini ya blanketi, na tumbo kubwa mbele, limewaunguza wengi. Oga maji ya moto kiasi, inatosha.

Mwarobaini wa kunywa, hapana. Si salama kwa mimba. Mwambie mama mkwe ni mkunga aliyekataza, lawama niachie mimi.

Na zile vitamini za kuongeza kinga?

Ukishaelewa kwamba shida si kinga ndogo, utaona kwa nini sizisukumi. Kula vizuri, meza vidonge vyako vya kliniki, na hela ya zile chupa iweke kando kwa ajili ya chanjo.

Chanjo haitanipa huo ugonjwa? Na mtoto?

Chanjo inayodungwa mkononi imetengenezwa kwa virusi vilivyouawa au vipande vyake. Maiti haiwezi kukuambukiza. Utakachohisi ni mkono kuuma, pengine uchovu na joto kidogo kwa siku moja au mbili, hiyo ni kinga ikifanya mazoezi. Ipo aina nyingine ya kupuliziwa puani yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, na hiyo wajawazito hawapewi.

Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012, liliwaweka wajawazito mbele ya makundi yote kwa nchi zinazotoa chanjo hii. Inaweza kudungwa katika mwezi wowote wa mimba. Mamilioni ya wajawazito wameipata duniani.

Wengine wameniuliza: kama kinga ya mjamzito hujibu kwa ukali, chanjo haitaleta ukali huo huo? Ni swali la mtu anayefikiri, na ninalipenda. Chanjo ya virusi vilivyouawa haizaliani. Kinga inakutana na kitu kidogo, kwenye msuli wa mkono, kwa muda mfupi, inajifunza sura yake, inatengeneza kingamwili, zile protini za kuvinasa virusi, kisha inatulia. Ukali unaobomoa mapafu unatokana na virusi hai vinavyoongezeka huko ndani usiku na mchana. Soja aliyeonyeshwa picha ya mwizi mapema hapigi filimbi kwa kuchelewa.

Inafanya kazi kweli?

Si ngao ya chuma. Utafiti uliojumuisha nchi kadhaa, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba ilipunguza kulazwa kwa wajawazito kwa sababu ya influenza kwa karibu asilimia 40. Unaweza kuchanjwa na bado ukaumwa, lakini mara nyingi utaumwa kitandani kwako, si wodini.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa Soweto, Afrika Kusini, kwa sababu ni wanawake wa Kiafrika, wenye maisha yanayofanana na yetu. Matokeo yake yalitoka mwaka 2014: chanjo ilipunguza influenza iliyothibitishwa kwa maabara kwa karibu nusu, kwa akina mama na pia kwa watoto wao. Na akina mama wanaoishi na virusi vya Ukimwi walilindwa vilevile. Kama uko kwenye dawa za kupunguza makali ya virusi, basi, hili linakuhusu mara mbili. Mwenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo pia, asikose.

Mtoto anafaidikaje na sindano niliyodungwa mimi?

Hapa ndipo kinga ya mjamzito inaponipa furaha. Kondo la nyuma lina mlango maalumu unaozishika kingamwili za mama aina ya IgG, moja moja, na kuzivusha hadi kwa mtoto. Kazi hii hushika kasi katika miezi mitatu ya mwisho. Mtoto anazaliwa akiwa na akiba uliyomwekea.

Na anaihitaji, kwa sababu hakuna chanjo ya influenza ya mtoto wa chini ya miezi 6. Miezi hiyo sita hana cha kutegemea ila ulichompa wewe. Nchini Bangladesh, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watoto wa akina mama waliochanjwa walipata influenza iliyothibitishwa kwa asilimia 63 pungufu kuliko wengine. Tafiti za Mali na Nepal, zilizofuata baadaye na kwa watu wengi zaidi, ziliona upungufu wa karibu theluthi. Hesabu zinatofautiana kulingana na virusi vya mwaka ule, mwelekeo ni ule ule.

Nidungwe lini, na wapi hapa Nairobi?

Kwetu influenza haina msimu mmoja kama Ulaya. Uchunguzi wa virusi uliofanywa nchini kwa miaka mingi, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) ikiwamo, umeonyesha kwamba inazunguka karibu mwaka mzima, ikipanda na kushuka. Kwa hiyo usingoje Julai. Mwili huchukua kama wiki 2 kutengeneza kingamwili za kutosha.

Chanjo hii haimo kwenye zile za kawaida za mjamzito, kama ya pepopunda, mnazodungwa bure kliniki, na hilo linaniuma, kwa sababu anayeihitaji zaidi ni yule anayepanda matatu mbili kila asubuhi. Utaipata kwenye hospitali za kibinafsi na vituo vya chanjo, kwa kulipa. Piga simu kabla ya kwenda, uliza mambo matatu: bei yake, kama ni ya mwaka huu, na kama inahifadhiwa kwenye jokofu. Virusi hubadilika sura, na Shirika la Afya Duniani hutangaza mchanganyiko mpya mara mbili kwa mwaka, wa kusini ya dunia na wa kaskazini. Ukishadungwa, hakikisha imeandikwa kwenye kitabu chako cha kliniki.

Baridi ya Julai ndiyo inayoleta homa?

Baridi peke yake haina virusi. Inatufungia ndani: madirisha ya matatu yamefungwa, watu 14 wanapumuliana kutoka Kayole hadi mjini. Omba dirisha lifunguliwe hata nusu, vaa barakoa, kaa karibu na mlango. Mwenye influenza huanza kuambukiza siku moja kabla hajajihisi mgonjwa, kwa hiyo huwezi kumjua kwa macho.

Baridi inaleta hatari nyingine nisiyoweza kuinyamazia: jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake unachubua njia ya hewa, na ile gesi isiyo na harufu inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu yako na ya mtoto. Watu wamelala wasiamke. Jiko likae nje, makaa yakizimika kabisa ndipo liingie.

Nimejifungua na sasa nina homa. Nimnyonyeshe?

Ndiyo, mnyonyeshe. Influenza haipiti kwenye maziwa, na maziwa yenyewe yana kingamwili zinazomfaa. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika, vaa barakoa ukiwa naye kifuani, kohoa upande wa pili. Ukiwa umeishiwa nguvu, kamua, na mtu mzima wa afya amnyweshe kwa kikombe. Oseltamiviri haizuii kunyonyesha. Wageni wenye makamasi wanaokuja kumwona mtoto waambiwe waje wiki ijayo, hata kama wamebeba uji.

Nikipata mimba nyingine, nirudie chanjo?

Urudie. Kingamwili zako zitakuwa zimepungua, virusi vitakuwa vimebadilika, na yule atakayekuwa tumboni hajawekewa akiba yake.